Uratibu: Mfumo wa Neva wa Binadamu, na Funzo la Malale

Ukisafiri kwa basi kutoka Mpanda kwenda Sumbawanga, ukishaipita Sitalike ni kawaida kuona abiria wakifunga vioo hata kama joto ni kali. Barabara hapo inakatisha ndani ya Hifadhi ya Taifa Katavi, na ndani ya hifadhi kuna mbung'o, ambao wengi wetu huku tunawaita ndorobo. Mbung'o huuma mchana, na huweza kukuchoma hata juu ya shati. Maumivu yake yanapita. Hatari iko kwenye kimelea ambacho baadhi yao hukibeba, ambacho safari yake, kikiachwa bila tiba, huishia ndani ya ubongo.

Ndiyo maana mada hii tunaianza kwa mbung'o. Mfumo wa neva ni mada ambayo watahiniwa wengi huikariri kama orodha ya majina, kisha swali likija kwa mtindo wa kisa wanakosa pa kuanzia. Ukielewa kila sehemu inafanya kazi gani, utaweza kueleza nini kinatokea inapoharibika, na majina yatakukaa kichwani yenyewe.

Neno moja kabla ya kuanza. Mtihani wako wa Baiolojia utauandika kwa Kiingereza. Sehemu hii tumeiandika kwa Kiswahili makusudi, kwa sababu mtu hukariri kile asichokielewa. Soma hapa mpaka uelewe, kisha fungua daftari lako la darasani na uandike kila istilahi ya hapa mbele ya istilahi yake ya mtihani.

Ukimaliza sehemu hii unapaswa uweze:
(a) kutaja sehemu kuu za mfumo wa neva na kazi ya kila moja;
(b) kueleza muundo wa seli ya neva na jinsi ujumbe unavyosafiri;
(c) kufuatilia hatua za mwitikio wa ghafla kuanzia kichocheo hadi mwitikio;
(d) kutumia maarifa haya kueleza dalili za ugonjwa kama malale.

1. KISA CHA KUANZIA

Tuseme mrina asali amekaa porini wiki mbili, upande wa Inyonga. Siku chache baada ya kurudi anapata homa, kichwa kinamuuma, na tezi zinavimba. Ananunua dawa za malaria dukani, anapata nafuu kidogo, homa inarudi. Wiki zinapita. Sasa mchana anasinzia hata akiwa anakula, usiku anakesha. Akitembea anayumba. Anasahau majina ya watu wa nyumbani, anakuwa mkali bila sababu. Wengine wanasema amelogwa, wengine wanasema ni mvivu.

Weka kisa hiki akilini. Tutakirudia mwishoni, na kila dalili utaweza kuionyesha mahali pake.

2. SEHEMU KUU ZA MFUMO WA NEVA

Kazi ya mfumo wa neva ni tatu: kupokea taarifa kutoka ndani na nje ya mwili, kuzichambua, na kutoa amri kwa misuli au tezi. Mfumo huu umegawanyika sehemu mbili.

Sehemu ya kwanza ni mfumo wa neva wa kati. Huu una ubongo na ugwe mgongo. Ndiko taarifa zinakochambuliwa.

Sehemu ya pili ni mfumo wa neva wa pembeni. Huu una neva zote zinazotoka kwenye ubongo na ugwe mgongo kwenda sehemu nyingine za mwili. Jozi 12 za neva hutoka kwenye ubongo, na jozi 31 hutoka kwenye ugwe mgongo. Namba hizi mbili zishike, huulizwa.

Angalia maneno haya, kwa kuwa Kiswahili cha kila siku kinaweza kukuchanganya. Uti wa mgongo ni mfupa: pingili zilizopangana kutoka shingoni hadi kiunoni. Ugwe mgongo ni kamba laini ya neva inayopita ndani ya tundu la pingili hizo, yenye urefu wa takribani sentimita 45 kwa mtu mzima. Mfupa unalinda, kamba ndiyo inayopeleka ujumbe. Vilevile, tunasema "mishipa ya fahamu" na "mishipa ya damu", lakini neva si bomba. Ndani yake hakuna kitu kinachotiririka kama damu.

Ubongo unalindwa na fuvu, na ugwe mgongo unalindwa na pingili. Chini ya mifupa hiyo kuna tando tatu zinazofunika ubongo na ugwe mgongo. Katikati ya tando hizo kuna majimaji maangavu yanayopunguza mtikisiko. Ugonjwa tunaouita homa ya uti wa mgongo hushambulia tando hizi, wala si mfupa.

3. SELI YA NEVA

Seli ya neva, au nyuroni, ndiyo tofali la kujengea mfumo mzima. Ina sehemu hizi:

Kiini cha mwili wa seli: sehemu yenye nyukliasi, inayoendesha uhai wa seli.
Dendraiti: matawi mafupi yanayopokea ujumbe na kuupeleka kwenye mwili wa seli.
Aksoni: uzi mrefu unaoutoa ujumbe kwenye mwili wa seli. Aksoni inayofika kwenye kidole chako cha mguu inaweza kuzidi urefu wa mita moja.
Ala ya mailini: tabaka la mafuta linalozunguka aksoni nyingi, kama plastiki inavyozunguka waya wa umeme. Ala hii ina mapengo, na ujumbe huruka kutoka pengo moja hadi jingine, hivyo unasafiri haraka zaidi.

Kuna aina tatu za nyuroni. Nyuroni hisi hupeleka ujumbe kutoka kwenye vipokezi (ngozi, jicho, sikio, ulimi, pua) kwenda mfumo wa kati. Nyuroni mota hupeleka amri kutoka mfumo wa kati kwenda kwenye vitekelezi, yaani misuli na tezi. Nyuroni unganishi ziko ndani ya ubongo na ugwe mgongo, zikiunganisha hizo mbili.

Nyuroni ni seli moja. Neva ni fungu la nyuzi nyingi za nyuroni lililofungwa pamoja, kama kamba ya katani yenye nyuzi nyingi. Ukiandika moja mahali pa nyingine unapoteza alama.

4. JINSI UJUMBE UNAVYOSAFIRI

Aksoni ikiwa imetulia, upande wa ndani una chaji hasi ukilinganisha na nje. Kichocheo kikifika, ioni za sodiamu huingia ndani, na kwa muda mfupi sana sehemu hiyo inakuwa chanya. Badiliko hilo husukuma sehemu inayofuata nayo ibadilike, na hivyo ujumbe unasonga mbele. Kisha ioni za potasiamu hutoka na hali ya mwanzo hurudi.

Kasi yake ni kubwa. Nyuzi nene zenye mailini hupeleka ujumbe kwa mita 100 kwa sekunde na zaidi. Basi linalokwenda kilomita 80 kwa saa hutembea mita 22 tu kwa sekunde. Lakini si nyuzi zote zina kasi hiyo. Nyuzi nyembamba za maumivu zisizo na mailini huenda kama mita 1 kwa sekunde. Ndiyo maana ukijikwaa kwenye jiwe unasikia kwanza maumivu makali ya ghafla, kisha baada ya kitambo yanakuja yale mazito yanayodumu. Ni ujumbe wa jiwe moja, umepita kwenye njia mbili zenye kasi tofauti.

Ujumbe ukifika mwisho wa aksoni, haugusani moja kwa moja na seli inayofuata. Pana uwazi mdogo sana, nao huitwa sinapsi. Hapo ujumbe wa umeme unageuka kuwa wa kemikali: mwisho wa aksoni humwaga kemikali, mfano asetilikolini, ambayo huvuka uwazi na kushika vipokezi vya seli ya pili. Kisha kimeng'enya huivunja kemikali hiyo ili sinapsi iwe tayari kwa ujumbe mwingine. Kwa kuwa kemikali humwagwa upande mmja tu na vipokezi viko upande wa pili, ujumbe huvuka sinapsi kwa mwelekeo mmoja.

Mifano miwili ya kwetu itakusaidia. Wa kwanza ni tumbaku, zao linalolimwa sana mkoani Katavi. Nikotini iliyo kwenye jani hushika vipokezi vile vile vya asetilikolini. Mtu anayevuna tumbaku yenye umande bila kujikinga huweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na kutapika, kwa sababu nikotini imepita kwenye ngozi na kuingilia kazi za sinapsi. Wa pili ni nyoka koboko. Sumu yake huvuruga mawasiliano kati ya neva na misuli. Aliyeumwa anaweza kufa kwa kushindwa kupumua, ingawa mapafu yake ni mazima, kwa kuwa amri haifiki kwenye misuli ya kupumulia. Anahitaji hospitali haraka. Kuchanja jeraha hakuwezi kuirudisha sinapsi kwenye kazi yake.

5. UBONGO

Ubongo wa mtu mzima una uzito wa takribani kilo 1.3 hadi 1.4. Ni kama asilimia 2 tu ya uzito wa mwili, lakini hutumia kama asilimia 20 ya oksijeni yote. Hii inaeleza kwa nini ubongo hauvumilii kukosa damu hata kwa dakika chache. Sehemu zake muhimu ni hizi:

Serebramu (ubongo mkuu). Ndiyo sehemu kubwa kuliko zote, yenye mikunjo mingi. Hapa ndipo penye fikra, kumbukumbu, lugha, maamuzi na matendo ya hiari. Imegawanyika nusu mbili. Nusu ya kushoto huongoza upande wa kulia wa mwili, na ya kulia huongoza upande wa kushoto. Mgonjwa wa kiharusi aliyepooza mkono na mguu wa kulia, mara nyingi madhara yako nusu ya kushoto ya ubongo.

Serebelamu (ubongo mdogo). Iko nyuma, chini ya serebramu. Inasimamia mizani ya mwili na kupatanisha kazi za misuli. Pombe huathiri sana sehemu hii, na ndiyo maana mlevi hupepesuka na kushindwa kupita kwenye mstari ulionyooka.

Medula oblongata. Inaunganisha ubongo na ugwe mgongo. Inasimamia mambo yasiyongoja ruhusa yako: kupumua, mapigo ya moyo, shinikizo la damu, kumeza, kupiga chafya. Jeraha dogo hapa huua upesi kuliko jeraha kubwa zaidi kwenye serebramu.

Haipothalamasi. Ni ndogo, ipo chini katikati ya ubongo. Inasimamia joto la mwili, njaa, kiu na mpangilio wa kulala na kuamka. Pia inaunganisha mfumo wa neva na mfumo wa homoni kupitia tezi ya pituitari.

6. UGWE MGONGO NA MWITIKIO WA GHAFLA

Ukikata ugwe mgongo kwa mkato wa kuvuka, utaona katikati sehemu ya kijivu yenye umbo la kipepeo, ambayo ina miili ya seli. Pembeni yake kuna sehemu nyeupe, yenye nyuzi zenye mailini. Usisahau kwamba kwenye serebramu mpangilio ni kinyume: kijivu kiko nje, nyeupe iko ndani.

Kila neva ya ugwe mgongo ina mizizi miwili. Mzizi wa nyuma huingiza ujumbe wa hisi, mzizi wa mbele hutoa amri za mota.

Ugwe mgongo una kazi mbili: kupitisha ujumbe kati ya mwili na ubongo, na kuendesha miitikio ya ghafla. Mwitikio wa ghafla ni tendo la haraka, lisilo la hiari, linalotokea bila kusubiri uamuzi wa ubongo. Chukua mfano wa kukanyaga mwiba ukiwa peku:

(i) Kichocheo: mwiba unachoma unyayo.
(ii) Kipokezi: vipokezi vya maumivu kwenye ngozi vinaanzisha ujumbe.
(iii) Nyuroni hisi: inapeleka ujumbe hadi ugwe mgongo kupitia mzizi wa nyuma.
(iv) Nyuroni unganishi: inaupokea ndani ya sehemu ya kijivu na kuuvusha.
(v) Nyuroni mota: inatoka kupitia mzizi wa mbele na kupeleka amri.
(vi) Kitekelezi: misuli ya paja na mguu inajikunja.
(vii) Mwitikio: mguu unanyanyuka.

Ubongo nao hupata habari, lakini mguu umeshanyanyuka. Ndipo unaposema "aa!" na kuangalia chini. Faida ya njia hii fupi ni kuokoa muda ili jeraha lisiwe kubwa. Kumbuka pia kwamba mwitikio wa goti, ule wa kugongwa chini ya kifuniko cha goti, hauna nyuroni unganishi. Una nyuroni hisi na nyuroni mota tu.

7. NEVA ZINAZOJIENDESHA

Sehemu ya mfumo wa pembeni huongoza viungo vya ndani bila hiari yako. Ina matawi mawili yanayofanya kazi kinyume. Tawi la simpathetiki huuandaa mwili kwa hatari. Fikiria unachota maji mto Katuma, ghafla kiboko anaibuka karibu yako: moyo unapiga haraka, mboni za macho zinapanuka, mate yanakauka, usagaji wa chakula unapungua, na damu nyingi inaelekezwa kwenye misuli ili ukimbie. Tawi la parasimpathetiki huurudisha mwili kwenye utulivu: moyo unapunguza mwendo, mate yanarudi, chakula kinaendelea kusagwa.

8. TURUDI KWENYE KISA: MALALE

Malale husababishwa na kimelea cha seli moja kiitwacho tripanosoma, kinachoenezwa na mbung'o. Aina iliyopo Tanzania huenda kwa kasi, na wanyamapori na ng'ombe huweza kukitunza kimelea bila sisi kujua. Ugonjwa una hatua mbili, na mpaka kati ya hatua hizo ni mfumo wa neva wa kati.

Hatua ya kwanza: vimelea viko kwenye damu na limfu. Ndiyo homa, maumivu ya kichwa na uvimbe wa tezi wa mrina asali wetu. Ni rahisi kudhani ni malaria.

Hatua ya pili: vimelea vinapenya na kuingia kwenye ubongo na majimaji yanayouzunguka. Kwa kawaida kuta za mishipa midogo ya damu ya ubongo zimebana sana na huzuia vitu vingi visipite. Vimelea vikishapita hapo, dalili zinabadilika. Oanisha sasa:

Kusinzia mchana na kukesha usiku: mpangilio wa kulala na kuamka, kazi ya haipothalamasi, umevurugika. Ona kwamba mgonjwa halali tu kupita kiasi. Saa zake zimepinduka.
Kusahau na kubadilika tabia: serebramu imeathirika.
Kuyumba: upatanisho wa misuli, kazi ya serebelamu, umeathirika.

Daktari anajuaje kama ugonjwa umefika hatua ya pili? Anachukua majimaji ya mgongo kwa sindano, kiunoni. Watu wengi wanaogopa kipimo hiki wakidhani sindano itakata ugwe mgongo wapooze. Jibu liko kwenye anatomia uliyosoma. Kwa mtu mzima ugwe mgongo huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Sindano huingizwa chini ya hapo, mahali penye majimaji na nyuzi za neva zinazoelea, ambako kamba yenyewe haifiki. Mtu wa nyumbani kwenu akikataa kipimo hicho kwa hofu hiyo, wewe utaweza kumwelewesha.

Majimaji hayo yana historia Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale iliua zaidi ya watu laki mbili nchini Uganda, hasa Busoga. Mwaka 1903 daktari Mwitaliano, Aldo Castellani, akiwa Entebbe, alitangaza kuviona vimelea ndani ya majimaji ya mgongo ya wagonjwa, na hapo chanzo cha ugonjwa kikaanza kueleweka. Hapa Tanganyika, katika miaka ya 1920 na 1930, serikali ya kikoloni iliwahamisha watu wengi wa magharibi kutoka porini na kuwakusanya kwenye makazi makubwa ili kuwatenga na mbung'o.

Leo wagonjwa wamepungua sana, na dawa za malale hutolewa bure. Lakini bila tiba aina hii huua, mara nyingi ndani ya miezi michache. Kwa hiyo kuwahi tiba ni jambo la msingi. Mtu aliyetoka porini akiwa na homa isiyosikia dawa ya malaria, amwambie mganga wa zahanati kwamba aliumwa na mbung'o. Kinga nayo ni rahisi: vaa nguo nene za mikono mirefu na uepuke rangi ya bluu na nyeusi, kwa kuwa rangi hizo humvuta mbung'o. Mitego yake hushonwa kwa vitambaa vya rangi hizo hizo.

9. MAKOSA YANAYOJIRUDIA

Kuandika kwamba mwitikio wa ghafla "hauhusishi mfumo wa neva wa kati". Unauhusisha, ugwe mgongo ni sehemu yake.
Kuchora mishale ya mzizi wa mbele na wa nyuma kinyume. Kumbuka: hisi huingia nyuma, amri hutoka mbele.
Kusema ujumbe wa neva "hutiririka" kama damu.
Kulinganisha neva na homoni kwa kueleza upande mmoja tu. Andika pande zote: neva hutumia njia ya umeme na kemikali, ni za haraka, athari zake ni za muda mfupi na mahali maalumu, homoni hupita kwenye damu, ni za taratibu, athari zake hudumu na huenea.

10. JIPIME

Swali la 1. Ujumbe unasafiri mita 1.2 kwenye uzi wenye kasi ya mita 100 kwa sekunde. Unatumia muda gani? Linganisha na uzi wenye kasi ya mita 1 kwa sekunde.

Swali la 2. Eleza kwa nini ujumbe hauwezi kurudi nyuma kupitia sinapsi.

Swali la 3. Dereva wa bodaboda ameanguka bila kofia ngumu. Yuko hai na anapumua vizuri, lakini hawezi kusogeza mkono na mguu wa kushoto, na hakuna jeraha la mfupa. Ni sehemu gani ya ubongo inaelekea kuwa imeumia? Toa sababu mbili.

Majibu. (1) Sekunde 0.012, kwenye uzi wa pili ni sekunde 1.2, yaani mara 100 zaidi. (2) Kemikali humwagwa na mwisho wa aksoni ya kwanza tu, na vipokezi viko kwenye seli ya pili tu. (3) Nusu ya kulia ya serebramu. Sababu: serebramu ndiyo huongoza matendo ya hiari, na kila nusu huongoza upande wa pili wa mwili. Ukiongeza kwamba medula inaelekea kuwa salama kwa sababu anapumua vizuri, umekamilisha jibu.

Sasa funga kitabu. Chukua karatasi tupu, chora njia ya mwitikio wa ghafla bila kuangalia, na uandike hatua zote saba. Ulipokwama, rudi sehemu ya 6. Ukimaliza, msimulie mtu wa nyumbani kisa cha mrina asali kwa maneno yako mwenyewe, na umwonyeshe kila dalili inatoka sehemu gani ya ubongo.